Sikuvunja, Nilifungua

Wiki iliyopita niliwaacha ndani ya treni inayozunguka, nikipita kwa mara ya nne mbele ya bango la mwanamke mwenye meno meupe na kuisifu nchi ile kwa kujali sana usafi wa kinywa. Msomaji mmoja amemwandikia mhariri kuuliza kama kweli mtu mzima wa miaka hamsini na miwili anaweza kuzunguka saa tatu bila kugundua. Anaweza. Nimemwona kwenye kioo asubuhi hii, nilipokuwa nanyoa ndevu.

Kwa aliyechelewa kuingia: mimi ni fundi wa kufuli. Mama alinituma ng'ambo nikamwone mdogo wangu wa kike, ambaye kwa miaka tisa hakuwa ametia mguu nyumbani. Kwenye simu alikuwa muuguzi mkuu wa hospitali kubwa. Mama aliwatangazia majirani cheo hicho mpaka wakaanza kumletea vidonda vyao avitazame, kana kwamba uuguzi mtoto humrithisha mzazi.

Uwanja wa ndege walininyang'anya mkoba wa zana, kila kitu, hadi tupa ndogo ya kunolea funguo. Kisha ikaja ile treni. Na aliyekuja kunitoa kituoni saa nane mchana hakuwa mdogo wangu. Alikuwa mwanamume mrefu nisiyemjua, ameshika picha yangu, akanikumbatia mpaka mgongo ukalia.

Huyo ndiye shemeji yangu. Nyumbani tulikuwa bado tunamwombea dada apate mchumba. Kumbe maombi yalijibiwa miaka minne iliyopita, ila hakuna aliyetutumia taarifa.

Shemeji hajui neno hata moja la Kiswahili. Mimi lugha yake najua maneno matatu, niliyojifunza kwenye kijitabu ndani ya ndege: samahani, asante, na choo kiko wapi. Alinipeleka nyumbani kwao, tukakaa kwenye kochi tukichekeana alasiri nzima mpaka mashavu yakauma. Nilikwenda chooni mara tano. Sikuwa nahitaji, lakini ndiyo mazungumzo niliyokuwa nayo.

Mdogo wangu aliingia saa mbili usiku, amechoka, amevaa koti refu lililofungwa vifungo mpaka shingoni. Alinikumbatia akalia. Akaniambia kwa Kiswahili kwamba amenitafuta kituo baada ya kituo tangu mchana, mpaka miguu imevimba. Kisha akamgeukia mumewe akamwambia jambo kwa lugha yao. Shemeji akatikisa kichwa kwa huruma, akampokea mkoba.

Nilidhani anamweleza yale yale aliyonieleza mimi. Ndiyo hasara ya kutojua lugha ya watu: nafasi tupu zote unazijaza mwenyewe, na unajijazia mazuri.

Asubuhi yake wote wawili waliwahi kazini. Kabla ya kutoka, mdogo wangu alinipa kazi moja tu, ya kutupa taka, na akanielekeza jinsi ya kuifanya kwa muda mrefu kuliko mwalimu wangu wa ufundi alivyonielekeza kutengeneza kitasa. Maana kule taka zina koo zake. Karatasi haikai na plastiki, plastiki haikai na chupa, na maganda yana pipa lao peke yao, kama wafiwa.

Saa tatu nikashuka na mifuko yangu minne, nimevaa fulana, suruali ya kulalia na kandambili. Chumba cha mapipa kiko chini, nyuma ya ngazi. Nikapanga kila ukoo mahali pake, nikafuta mikono, nikajiona nimeshakuwa mwenyeji.

Lifti siiamini, kwa hiyo nilipanda kwa miguu. Mdogo wangu alishaniambia wanakaa ghorofa ya tatu, mlango wa kushoto. Nikapanda ngazi, moja, mbili, tatu, kama mtu yeyote aliyekwenda shule. Mlango wa kushoto. Nikasukuma. Umefungwa.

Hapo nina jambo la kukiri. Mimi, mwenye miaka thelathini kwenye kazi hii, niliyewafungulia watu ofisi, masanduku, na siku moja bafu lenye bibi harusi ndani, nilikuwa nimetoka bila ufunguo na kuacha mlango ujifunge nyuma yangu. Nilitazama huku na huku kama kuna mteja wangu yeyote anayepita.

Kwenye kengele kulikuwa na karatasi ndogo yenye jina la mwenye nyumba. Nilichukulia kuwa ni jina la shemeji. Shemeji nilikuwa nimemjua kwa saa kumi na tisa, na jina lake sikuwahi kuliona limeandikwa.

Ningeweza kukaa kwenye ngazi nikasubiri. Mwenye akili angesubiri. Lakini nilikuwa na kiburi cha ufundi, na baridi ilikuwa imeanza kupanda kwenye suruali. Nikarudi kwenye pipa la plastiki, nikachomoa jalada la faili lililovunjika, nikalikata kwa meno nikapata utepe wenye upana wa vidole viwili. Nikapanda tena, nikaupenyeza kati ya mlango na fremu, nikausukuma ulimi wa kitasa huku nikiegemeza bega. Haikufika dakika moja. Nilijipigapiga kifuani kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kunipigapiga.

Ndani nilishangaa kidogo. Kochi lilikuwa la kijani, na mimi jana yake nilikalia la kahawia. Nikafikiri labda wametandika kitambaa. Saa ya ukutani sikuikumbuka. Nikafikiri labda sikuitazama vizuri, kwa ile kazi ya kuchekeana.

Nikaingia jikoni, na hapo wasiwasi ukaniisha kabisa. Kwenye mlango wa friji ilibandikwa karatasi yenye safu za tarehe na saa, na mwisho wa kila mstari palikuwa na sahihi ya mdogo wangu. Sahihi ile naijua. Herufi ya kwanza anaizungusha mkia mrefu mpaka inafanana na ufunguo. Aliianza akiwa darasa la tano kwa kuniiga mimi. Nikajiambia, hapa ni nyumbani.

Ndipo nikasikia mtu anaugulia bafuni.

Alikuwa bibi mmoja mwembamba, ameangukia ubavu kati ya beseni la kuogea na ukuta. Nguo yake ya kulalia ilikuwa imelowa. Midomo ilikuwa imekauka kabisa. Mguu mmoja ulikuwa umelala vibaya, umegeuka nje kama si wake.

Kule kwetu ningeita, na kabla sijamaliza kuita wangekuwa wamejaa watu ishirini, kumi na wanane kati yao wakitoa ushauri. Pale niliita mara tatu. Jengo zima likanisikiliza kwa adabu, kimya.

Nilichukua blanketi kwenye kochi nikamfunika. Nikampa maji kwa kikombe cha mswaki, kidogo kidogo. Alipopata sauti alisema maneno mengi, akinyoosha kidole kwenye miguu yangu. Nilidhani anauliza mimi ni nani. Akarudia, akakunja uso. Nikatazama chini nikaona nimekanyaga zulia lake dogo la bafuni kwa kandambili. Mtu amevunjika nyonga, amelala kwenye vigae, na bado ana nafasi moyoni ya kugombania zulia. Nikazivua. Akatulia, akanishika kidole gumba.

Nilijaribu kumwinua, akatoa sauti ambayo sipendi kuikumbuka, nikamwacha alipo. Nikakumbuka kwamba kwenye ile karatasi ya friji juu kabisa kulikuwa na namba ya simu. Nikajitoa kidole taratibu, nikaibandua karatasi, nikaenda nayo kwenye simu ya ukumbini, nikapiga. Ilipokelewa haraka sana na sauti ya mwanamke mpole, nikamweleza yote kwa Kiswahili, kwa unyenyekevu, mpaka nikagundua kuwa ni mashine. Mashine ikaniomba kitu. Nikabonyeza namba zote, moja baada ya nyingine. Ikanipigia muziki.

Karatasi nikaitia mfukoni, nikatoka kugonga mlango wa jirani.

Jirani alifungua kadiri mnyororo ulivyoruhusu, nikaona jicho moja na nusu ya pua. Sasa jiwekeni mahali pake. Mbele yake yuko mwanamume asiyemjua, miguu mitupu, suruali ya kulalia, utepe wa plastiki umechomoza mfukoni, anahema. Na mimi kwa hofu maneno yangu yote matatu yakanitoka kwa mpangilio niliojifunzia: samahani, asante, choo kiko wapi.

Akafunga mlango. Nikamsikia anapiga simu, anaongea upesi upesi. Nikasema moyoni, mama mwema, anaita msaada.

Na kweli aliita. Nilirudi kukaa na bibi, kidole changu nikamrudishia, na baada ya muda mfupi wakaja polisi wawili. Mmoja alinielekeza ukutani. Mwingine aliingia bafuni, akatoka mbio kuita gari la wagonjwa. Walipokuwa wanamweka bibi kwenye machela alikuwa bado ameng'ang'ania kidole changu, na ilibidi polisi mmoja aufungue mkono wake taratibu, huku mwenzake akiufunga pingu ule mkono wangu mwingine.

Walinipekua. Ule utepe wa plastiki waliuchukua kwa koleo, wakautia kwenye mfuko unaong'aa, wakaufunga na kuuandika. Karatasi iliyokunjwa mfukoni waliipapasa, wakaona ni karatasi, wakaiacha. Kabla hatujashuka ngazi nilimwonyesha askari vidole vitatu, yaani ghorofa ya tatu, naye akanionyesha namba kubwa iliyoandikwa ukutani kwenye mlango wa ngazi. Nne.

Kule ghorofa ya chini nayo ni ghorofa. Ndiyo ya kwanza. Anayefunga mizigo wiki hii alijue hilo kabla hajajua namna ya kubadilisha hela.

Kituoni walinikabidhi kwa afisa mmoja mwenye sharubu nene, mtu mtaratibu, ambaye aliweka simu katikati ya meza na kuiwasha sauti. Ndani ya simu alikuwamo mkalimani. Sikuwahi kuiona sura yake mpaka leo. Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi. Akaniarifu kwamba atatafsiri kila neno litakalotamkwa chumbani humo bila kuongeza wala kupunguza. Nikadhani ni maneno ya kiofisi tu. Nikanong'ona, kwa kujiliwaza, kwamba sharubu za afisa zinafanana na brashi ya kuoshea chupa, na hapo hapo nikasikia sentensi yangu ikienda kwa mwenyewe. Afisa akazigusa sharubu.

"Anauliza kwa nini ulivunja mlango," akasema mkalimani.

"Sikuvunja. Nilifungua."

"Anauliza tofauti yake ni nini."

Nilisahau pingu, nikasahau na suruali ya kulalia. Nikamweleza kwamba anayevunja anaacha mlango mgonjwa, na anayefungua anauacha kama alivyoukuta, na kwamba amtume mtu yeyote mwenye macho akautazame kama una hata mkwaruzo. Afisa akasikiliza mpaka mwisho. Akaupeleka mkono kwenye kabati la chuma nyuma yake, akasema kitu. Mkalimani akasema afisa ana kabati ambalo funguo zake zilipotea tangu mwaka juzi, na angependa kuona huko kufungua kusikovunja.

Wakanipa kibanio cha karatasi. Kabati lile lilikuwa halina hadhi hata ya kuitwa kabati; nililifungua nikiwa nimefungwa mkono mmoja. Ndani mlikuwa na glavu, dawa ya kikohozi na kikombe chenye picha ya paka. Afisa alikishika kile kikombe kama mtu aliyempata ndugu. Nikajua nimepona.

Kisha akaandika mistari miwili. Nikamwomba mkalimani anisomee.

"Ameandika kwamba mhojiwa ana ujuzi mkubwa wa kuingia mahali pasipo pake."

Aliyeniokoa si ufundi wangu, ni yule bibi. Walipiga simu kutoka hospitali kabla ya saa sita. Nyonga imevunjika, lakini yuko macho, na amewaambia kwamba yule mwanamume wa suruali ya kulalia asisumbuliwe. Amesema alianguka jana jioni. Alikuwa anamngoja mtu wa kumwogesha, mtu hakuja, akaamua kujaribu peke yake.

Pingu ikatoka. Nikaletewa chai, na safari hii nikaisifu kwa sauti. Afisa akasema naweza kumngoja ndugu yangu ukumbini, halafu atakuwa na maswali madogo ya kumalizia.

Mdogo wangu alifika na mumewe. Koti lilikuwa wazi. Ndani yake alivaa vazi la kazi la buluu, la mikono mifupi, lenye beji ya wakala wa kuhudumia wazee majumbani kifuani, na mfukoni zimechungulia glavu za mpira. Shemeji alinikumbatia tena kama jana, akaenda kuzungumza na askari wa mapokezi. Sisi wawili tukakaa kwenye benchi.

"Yule bibi ni wangu, kaka," akasema.

"Wako kivipi?"

"Mimi ndiye ninayemwogesha. Asubuhi na jioni. Hakuna hospitali. Haikuwahi kuwapo."

Niliwaza vidonda vyote ambavyo mama amekwisha kuvitazama. Nilitaka kucheka, lakini uso wake haukuruhusu. Akanieleza upesi upesi, akimtupia jicho askari. Ana vibibi na vibabu sita, anazunguka kwao kwa miguu kuanzia alfajiri. Huyu wa ghorofa ya juu yake humfikia saa nne asubuhi, na jioni ndiye wa mwisho. Mkuu wao hawafuati nyuma. Anachotazama ni ile karatasi ya kwenye friji, kila zamu na sahihi yake.

"Na jana jioni?" nikamuuliza.

"Jana jioni nilikuwa nakutafuta wewe. Sahihi ya jioni niliiweka asubuhi, kwa sababu nilijua unakuja na huenda nikachelewa."

Sina namna nzuri ya kusema nilivyojisikia. Nilikuwa nimezunguka na treni nikihesabu mabango ya meno, na kwa ajili hiyo mtu mzima alilala usiku kucha kwenye vigae. Ile mizaha yote niliyokwisha kuitunga ya kuwahadithia nyumbani nikaifuta kichwani.

Nikapeleka mkono mfukoni nikaichomoza ncha ya ile karatasi. Aliitambua mara moja. Akaushika mkono wangu, akaurudisha.

"Usiitoe, kaka. Wakiona nimesaini zamu ambayo sikwenda, kazi inaondoka, na kibali changu cha kukaa nchini kimefungwa kwenye kazi hiyo hiyo. Wakikuuliza, hukuona karatasi yoyote."

Mimi si mtu wa kujipiga kifua kwa ukweli. Nimewahi kumwambia mteja kwamba kitasa kinahitaji spea kutoka nje ya nchi, wakati nilichohitaji ni usingizi. Lakini uongo wa kusema mbele ya polisi, kwa kupitia mdomo wa mtu asiyepunguza neno, sikuwahi kuujaribu. Nikamwambia mdogo wangu asihofu. Kosa ni langu, nitalibeba.

Tukaitwa ndani wote watatu. Afisa alikuwa anakunywa kwenye kikombe cha paka. Simu iko mezani, mkalimani yumo.

Akaanza na shemeji, kwa upole, kama kujaza fomu tu. Alitaka kujua nani alikuwa wapi jana jioni. Shemeji akajibu bila kufikiri, huku ameweka mkono begani kwa mkewe. Na mkalimani, kwa ile sauti yake iliyopigwa pasi, akanitafsiria mimi.

"Shemeji yako anasema jana jioni mke wake alikuwa kazini, ghorofa ya juu, kwa bibi huyo. Anasema mke wake mwenyewe ndiye aliyemwambia hivyo aliporudi saa mbili. Bibi alikuwa msumbufu, akamchelewesha."

Nilimtazama mdogo wangu. Alikuwa anatazama meza.

Nikafikiri shemeji amekosea. Nikafikiri mkalimani amekosea. Halafu, kwa kiherehere kile kile kilichonifungulisha mlango usio wetu, nikauliza swali ambalo hakuna aliyeniomba niulize. Nikamwambia mkalimani amuulize shemeji: aliponikuta kituoni saa nane, je, alimpigia mkewe kumwambia nimepatikana?

Shemeji akatabasamu, akatoa simu yake, akatafuta mstari wa mazungumzo hayo, akanionyesha.

"Anasema alimpigia saa nane na dakika kumi. Waliongea dakika tatu. Anasema mke wake alilia kwa furaha."

Sijui kama mmewahi kuona hesabu ikijipiga yenyewe. Saa nane na dakika kumi nilikuwa nimepatikana. Saa mbili usiku mdogo wangu ndiyo anaingia. Mimi aliniambia kwa Kiswahili kwamba alikuwa ananitafuta. Mumewe aliambiwa kwa lugha yao kwamba mkewe alikuwa kwa bibi. Sote wawili tulimsikia sebule moja, dakika moja, tumesimama bega kwa bega, na kila mmoja akaondoka na maelezo yake. Na jioni ile ile tulipokaa mezani, tulichoweza kuulizana mimi na shemeji ni choo kiko wapi.

Kwa bibi hakuwapo. Kunitafuta hakuwa ananitafuta. Saa sita zilikuwa zimekosa mwenyewe.

Shemeji bado alikuwa anatabasamu. Hakuna aliyekuwa amemtafsiria yeye nilichoambiwa mimi.

Afisa aliweka kikombe chini. Akachukua kalamu. Akanigeukia mimi na kusema sentensi moja ndefu, akionyesha kwa kidole kitu cha mstatili hewani, kama mlango wa friji.

"Anasema ofisi ya wakala imethibitisha kwamba jikoni kwa bibi kulikuwa na karatasi ya zamu," akasema mkalimani. "Askari hawakuikuta. Wewe ndiye uliyekuwa ndani peke yako. Anauliza kama uliiona, na anakuomba ufikiri kwanza kabla ya kujibu."

Nilikuwa na mkono mfukoni. Karatasi ilikuwa imelowa jasho, naisikia inalainika kwenye vidole. Dakika chache nyuma nilikuwa na sababu nzuri ya kusema uongo: nilimkosesha bibi wa watu msaada wake. Sasa sababu hiyo ilikuwa imeondolewa, na iliyobaki ilikuwa moja tu, kwamba huyu ni mtoto wa mama yangu.

Ilinitosha. Nikafungua mdomo niseme sikuiona.

Mdogo wangu akaniwahi. Alizungumza kwa lugha yao, hakumtazama afisa wala mumewe, aliielekea ile simu mezani. Sauti ilikuwa ndogo na haikutetereka. Alisema maneno kama kumi, akapumzika. Akasema mengine mengi zaidi. Kisha akasema machache ya mwisho, haya akionekana kumwambia mkalimani mwenyewe.

Afisa hakuandika. Kalamu aliishika hewani.

Nikauliza amesema nini.

"Amesema karatasi iko mfukoni mwako na kwamba hukujua maana yake," mkalimani akasema. "Amesema sahihi ya jioni ni ya uongo na ni yake. Amesema kaka yake asiulizwe tena."

"Na yale mengine?"

"Yale mengine amesema alikokuwa jana. Hayo ameniomba nisikutafsirie."

Nikageuka kumtazama shemeji, ambaye lugha ile ni yake ya kuzaliwa. Alikuwa amekwisha kuondoa mkono begani kwa mkewe. Akasimama, akafunga vifungo vya koti kimoja kimoja bila kuruka hata kimoja, akatoka, na mlango akauacha wazi.